Pemba kwenye Kostimu

Jumanne, 7 Juni 1960

Nimepata kitabu! Nasoro, yule mwenye duka karibu na bandari ya Kalundu, alikuwa anakichana kurasa afungie chumvi. Nimemkuta ameshamaliza herufi A na B. Nikampa kofia yangu ya zamani, akanipa kilichobaki. Ni kitabu cha Kiingereza, kimetoka Kigoma, na kinaeleza kila neno lilizaliwa wapi na mama yake ni nani. Wengi mama yao ni Kilatini!

Kiingereza sikijui. Lakini Kilatini nilisoma miaka miwili na nusu kwenye seminari ndogo, kabla hawajaniomba nirudi nyumbani. (Lilikuwa jambo la divai. Sitaliandika hapa.) Na mtu anayemjua mama atashindwaje kuwatambua watoto?

Habari ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Wabelgiji wanaondoka mwisho wa mwezi, na kila mtaa umeambiwa uchague mtu mmoja wa kuingia kamati ya Uhuru. Huyo atasimama jukwaani siku ya bendera. Tutachagua Jumapili tarehe 26, baada ya misa, kwenye uwanja wa soko. Hakuna karatasi. Kila mtu atasimama nyuma ya yule anayemtaka, karani atahesabu, basi.

Lazima niwe mimi. Sababu ni Pétronille. Baba yake, Mzee Modeste katekista, aliniambia siku ya Pasaka kwamba binti yake hatampa mtu anayejisifu. Atampa mtu anayesifiwa na watu. Sasa watu watapanga mstari kunisifu mchana kweupe, na mzee atauona kwa macho yake.

Jumatano, 8 Juni

Neno la kwanza: "candidate". Yaani mgombea. Kilatini ni candidatus, aliyevaa nyeupe. Roma ya kale, mtu aliyetaka cheo alivaa joho jeupe, akalipaka chaki mpaka ling'ae, ndipo akatoka mbele ya watu. Mama wa neno ni candere, kung'aa. Ana watoto wengine pia. "Candle", mshumaa. Na "candid", mtu mkweli asiyeficha kitu. Ndugu watatu, tumbo moja!

Mtaa mzima siku hizi ni candidat, candidat, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba anataja nguo. Mimi najua. Mwenye mzizi ndiye mwenye dawa.

Ninayo kostimu ya drili, koti na suruali yake. Ilikuwa nyeupe nilipoajiriwa ualimu. Sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Nilimpelekea Pétronille, anayeshona kule foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake na wasichana, aifue kwa bluu ya kung'arishia. Akauliza kuna nini. Nikamwambia ni siri ya Waroma. Akasema basi Waroma walete sabuni yao. Lakini alifua.

Jioni, pigo. Norbert naye anagombea! Norbert ni jirani yangu, muuguzi wa dispensari. Amepita hapa mlangoni na koti lake jeupe. Huvaa koti jeupe kila siku! Miaka yote hii mtu huyu anafanya kampeni mbele ya macho yangu, na dispensari inamfulia.

Ijumaa, 10 Juni

Kostimu imerudi. Bluu haikusaidia sana. Nimechukua chaki shuleni, boksi moja tu, nikaisaga, nikapaka. Iling'aa! Nilifika mpaka kwa fundi wa baiskeli, si mbali, na nyuma yangu nimeacha mstari mweupe njia nzima. Watoto wa darasa langu waliufuata wakaniuliza kama ni hesabu za leo.

Nikarudi nyumbani kwa njia ya msikitini. Wakati huohuo watu wanatoka kusali. Kanzu nyeupe tupu! Wazee, vijana, Nasoro mwenyewe mbele, wote wanang'aa kwenye jua. Nikamvuta Nasoro pembeni, nikamwuliza wagombea wote hawa wametoka wapi. Akasema mwalimu, nenda ukalale kidogo.

Shuleni mkuu anauliza nani kamaliza chaki. Nimesema panya.

Jumapili, 12 Juni

Sikuweza kulala, nikaruka mpaka herufi R. "Rival"! Mshindani. Linatoka rivus, kijito. Rivalis kwa Kilatini ni mtu anayechota maji kijito kimoja na mwenzake. Kumbe! Mimi na Norbert tunachota mfereji mmoja, ule unaotoka mto Kalimabenge na kupita nyuma ya nyumba zetu. Mama yake huosha sahani juu, mimi huchota chini. Uadui wote umetoka hapo.

Basi dawa ni nyepesi. Nikiacha mfereji, Norbert hatakuwa mshindani wangu tena. Neno lenyewe linasema. Kuanzia leo nachota ziwani, pale Kalundu, karibu na meli. Ni mbali na ndoo ni nzito, lakini nimechota. Nimekunywa vikombe vitatu kwa hasira tu.

Jumanne, 14 Juni

Tumbo.

Jumatano, 15 Juni

Bado tumbo. Jana walinibeba dispensari. Norbert alinipokea mwenyewe. Koti limepigwa pasi! Mimi nimejifunga blanketi, nimejikunja kama samaki wa kukaangwa, na benchi zima la wagonjwa linatazama. Aliuliza nakunywa maji gani. Nikasema ya ziwani, pale meli zinapofunga. Akatikisa kichwa kwa huruma. Afadhali angenipiga.

Leo asubuhi amemtuma dada yake aniletee ndoo ya maji ya mfereji, yamechemshwa. Sikutaka. Kiu ilikuwa kali. Nimekunywa. Basi tumekuwa washindani tena.

Alhamisi, 16 Juni

Sikukuu ya Ekaristi. Maandamano, mishumaa, kanzu za altare. Hata Mzee Modeste alikuwa amevaa nyeupe! Pétronille alitembea upande wa wanawake na kitambaa cha kijani. Nimepona kabisa.

Nikiwa bado nimepiga magoti, wazo likaja. Chaki inadondoka kwa sababu ni ya shule. Kinachoshika ni pemba, ule udongo mweupe wetu. Ukikauka hautoki mpaka utake wenyewe. Baada ya maandamano nikaenda kwa Mama Célestine, yule bibi mfinyanzi nyuma ya soko. Nikamwomba pemba, nyingi. Akasimama na mikono ya udongo, akanitazama, uso ukamkunjuka taratibu. Akaingia ndani akatoka na kapu zima. Nikauliza alipwe nini. Akakataa kabisa.

"Beba tu, papa," alisema. "Hii hatuuzishaka. Mungu akukomeze."

Papa! Tangu lini Mama Célestine ananiita papa? Kampeni imeanza vizuri. Halafu akapiga kigelegele kimoja kifupi, nilipokuwa nimeshafika njiani.

Najua, najua. Mtu akizaa mapasa, yaani pacha, wazazi hupakwa pemba na Mama Célestine ndiye mkubwa wa shughuli hiyo. Lakini wao hupakwa usoni na kifuani, na wanacheza ngoma. Mimi napaka kostimu, na nina kravati. Tofauti iko wazi.

Jumamosi, 18 Juni

Nasoro alikuwa bado na kurasa za A, zimefunga chumvi. Nimenunua chumvi ya mwaka mzima mpaka nikapata nilichotaka. "Ambition"! Tamaa ya cheo. Linatoka ambire, kuzunguka. Mgombea wa Roma alizunguka mtaa hadi mtaa akiwashika watu mikono. Hakukaa mlangoni akingoja wagonjwa wamjie, kama mtu fulani.

Basi nimezunguka. Kostimu nyeupe pe, viatu vyeupe, mshumaa mkononi kwa ajili ya "candle". Kiangazi hiki upepo wa ziwa hauna adabu: ulizima mshumaa mara ya kwanza tu, ukachukua pemba ya mabegani ukanipiga nayo usoni. Nikajifuta jasho kwa mkono wa koti. Pengine nilizidisha weupe kidogo.

Lakini watu! Sijaona mapokezi namna hii. Wanawake wametoka jikoni na miiko. Wakanizunguka, wakacheza, wakaimba nyimbo za matusi matupu huku wanacheka. Maneno mengine sitayaandika, niliyaungama seminarini. Wanaimba kwamba nina nguvu. Kwamba mbegu zangu ni nzuri. Mbegu ni elimu, bila shaka, mimi ni mwalimu.

Norbert alisimama mlangoni kwake akitazama. Hakuwa na mtu wa kumwimbia hata tusi moja.

Jumatatu, 20 Juni

Zawadi zinamiminika. Kuku wawili. Mapapai mawili. Mikungu miwili ya ndizi. Mama mmoja kaleta mayai mawili, akaona ameshika matatu, akarudi na moja nyumbani kwake! Sijui kwa nini kila kitu ni viwili viwili. Labda ni moja langu na moja la Uhuru. Kuku nimewala.

Wavuvi ndio wananishangaza zaidi. Wanakuja kutoka pwani yote, wanapangusa mikono kwenye koti langu, kisha wanaenda kupangusa nyavu. Nimewaachia. Hata mpakani watasikia habari zangu.

Kitu kimoja tu. Nimekutana na Pétronille kwenye daraja, nikavua kofia mpya. Akapita. Hakuitika hata kwa jicho. Labda ameona haya mbele ya mgombea.

Jumatano, 22 Juni

Mzee Modeste aliniita. Nilikwenda na kostimu. Nilijua anataka kutaja siku ya posa.

Nikapewa kiti. Sikupewa maji. Mzee akakifunga kitabu chake cha misa, akakifungua. Halafu akaniuliza moja kwa moja.

"Mwalimu, muke ni nani?"

Nikauliza mke gani. Akasema mama ya mapasa. Nikauliza mapasa gani. Akasema wale wenye umezaa kule Runingu.

Ndipo nikaelewa yote, kwa mpigo mmoja, nikiwa nimeshika magoti. Papa! Mbegu! Kuku wawili! Mwaka jana nilifundisha Runingu, kwa hiyo mtaa umekaa ukapiga hesabu: mwalimu amerudi, mwalimu amejipaka pemba, basi mwalimu ana mapasa kule uwandani. Mke hawajamwona, lakini tayari wamempa jina. Nyuma ya pazia, jikoni, kifuniko cha sufuria kikaanguka. Pétronille alikuwa anasikiliza.

Nikamweleza mzee Kilatini. Candidatus, candere, "candle", "candid". Nilieleza vizuri, hata mkono ulikuwa unasaidia. Alinisikiliza mpaka mwisho, yeye ni mtu wa subira. Kisha akasema amewasha mishumaa altareni miaka thelathini na hakuna hata mmoja uliomfanya baba wa mapasa.

Nikaapa. Akasema kiapo cha chumbani hakimtoshi, kwa sababu aibu ya binti yake haiko chumbani, iko sokoni. Watu wanamcheka foyer, wanamwuliza atalea wa mwenzake wawili au atazaa wake. Akatoa sharti: Jumapili, mbele ya watu wote, niseme kwa kinywa changu kwamba sina mapasa. Nikisema, ataniruhusu nilete wazee wangu. Nisiposema, nisipite tena mbele ya nyumba yake.

Nilipotoka nilisema kwa sauti, ili pazia lisikie, kwamba nitasema. Pazia halikujibu. Nimeumia sana. Sikujua kama naweza kuumia hivi kwa ajili ya pazia.

Alhamisi, 23 Juni

Nitasema. Nimeshaamua. "Candid"! Neno limo kwenye ukoo.

Jioni wamekuja wavuvi, kundi zima, na Mama Célestine mbele yao. Tangu waguse koti langu, ndagala, dagaa wetu, wamejaa mitumbwi mpaka inalia. (Norbert anasema ni kwa sababu mwezi umekwisha na taa zinawavuta vizuri gizani. Wivu.) Wamesema Jumapili pwani nzima itasimama nyuma yangu. Baba wa mapasa ni baraka, wanamtaka jukwaani siku ya bendera ili nchi mpya izae maradufu.

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Mama Célestine akaniwekea samaki wawili wakubwa miguuni. Mdomo ukajifunga.

Jumamosi, 25 Juni

Siku nzima na kitabu. Shida ni hii. Nikiwa "candid", siwi tena "candidate". Nikisema sina mapasa, wavuvi wanaondoka na mstari wao. Nikinyamaza, nampoteza Pétronille, na mstari wenyewe nilikuwa nautafuta kwa ajili yake! Ndugu wa tumbo moja, na hawawezi kukaa chumba kimoja. Kitabu hakisemi nani mkubwa.

Nimepiga magoti. Nimenawa uso. Nimefikiri juu ya Pétronille akifua kostimu hii na mikono yake imekuwa bluu mpaka kwenye kiwiko.

Saa kumi jioni, mwanga! Kuna njia ya tatu. Nitasema kweli bila kumpoteza hata samaki mmoja. Sitaandika hapa, ukuta una masikio na Norbert yuko nyuma ya ukuta.

Jumapili, 26 Juni

Naandika yote kama yalivyotokea.

Baada ya misa tulikwenda uwanja wa soko. Karani wa teritwari, yaani wilaya, na meza yake. Norbert upande wa mikaratusi, koti jeupe. Mimi upande wa wauza mkaa, kwenye kivuli cha banda, kostimu imepakwa upya. Karani akapiga filimbi, wanaume wakaanza kupanga. Wa dispensari wakaenda kwa Norbert. Waliopona, maana yake. Halafu pwani ikaja. Walikuja na kelele, wakajipanga nyuma yangu mpaka mstari ukapita banda, ukapita choo cha soko, ukakunja kona. Sijawahi kuwa na watu wengi hivyo nyuma yangu. Norbert alipauka kuliko koti.

Mzee Modeste alikuwa amesimama karibu na meza. Pétronille kando yake, na kitambaa kilekile cha kijani. Hakuniangalia. Aliangalia viatu vyangu.

Mzee akaomba ruhusa kwa karani. Akauliza, sauti ya katekista, mpaka nyuma wakasikia.

"Mwalimu, sema mbele ya bantu. Mapasa iko ya nani?"

Niliutazama mstari wangu. Nilimtazama Pétronille. Sasa alikuwa ananitazama. Neno lilikuwa fupi, "sina", herufi nne. Lingenitoka kama kikohozi.

Nikapanda juu ya kikapu cha mkaa. Nikasema kwamba mapasa ninao, ndiyo, lakini si wa mwanamke. Mapasa wangu wanaitwa Uhuru na Amani! Nimewazaa mimi kwa ajili ya mtaa! Nikanyoosha mikono nipigiwe makofi.

Hakuna aliyepiga.

Mama Célestine akatoka kwenye kundi la wanawake. Akaja mpaka mbele yangu, akashika koti, akakwangua pemba kwa kucha, akaitazama, akaipuliza. Akauliza kwa upole tu kama hakuna watoto. Nikasema kwa maana ya kawaida, hakuna. Akasema mapasa hawachezewi. Kwamba mtu anayejipaka pemba ya mapasa bila mapasa anaita upepo mbaya juu ya ziwa, na watoto wa watu wako ndani ya mitumbwi kila usiku. Hakupiga kelele. Wavuvi hawakungoja aseme zaidi. Kwanza wakaondoka wa nyuma, wale wa kona. Halafu wa chooni. Niliwasikia viatu, wengine peku. Walivuka uwanja mzima wakaenda kusimama nyuma ya Norbert, na mmoja wao akapangusa mikono kwenye koti la Norbert kwa majaribio.

Karani akaja kuhesabu. Akaangalia nyuma yangu.

Nikageuka. Pétronille amesimama pale. Peke yake, mikono imefungwa kifuani. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema hapa iko kivuli.

Karani akasema wanawake hawahesabiwi. Akaandika sifuri.

Sifuri! Pwani nzima ilikuwa yangu! Nimehujumiwa na udongo.

Jumatatu, 27 Juni

Narudisha zawadi. Mama Célestine amesema lazima kila kitu kirudi viwili viwili, na mimi niogeshwe ziwani mbele ya wavuvi ili upepo utulie. Nimeogeshwa. Maji baridi. Norbert alikuwepo na mfuko wake wa dawa, kama nitashikwa na tumbo. Kuku niliowala nimenunua wengine, wamekonda kuliko wale, na mwenyewe amelalamika.

Jumanne, 28 Juni

Mzee Modeste ametuma niitwe. Nilikwenda na shati la kawaida, kostimu inakauka. Nikapewa kiti. Nikapewa maji!

Akasema jambo lilikuwa la ajabu. Alitaka mtu anayesifiwa na watu, amepata mtu aliyekimbiwa na watu wote. Lakini mtaa mzima sasa umesikia kwamba mapasa hawapo, na binti yake amesimama mahali ambapo mtu mwenye akili asingesimama, kwa hiyo amejichagulia. Alimwuliza usiku kucha. Jibu la Pétronille, mzee alilirudia bila kucheka: mwongo asingemvumilia, lakini mjinga anaweza kumvumilia, amezoea watoto wa foyer.

Niwalete wazee wangu Ijumaa asubuhi. Ijumaa! Nilitoka nikamkuta Pétronille anaanika nguo. Alisema mambo machache tu. Nije na shati safi. Nije na viatu. Nisisome kitu chochote kabla ya kuja. Nikaahidi. Akanirushia kibanio cha nguo. Nimekiweka mfukoni.

Alhamisi, 30 Juni

Uhuru. Bendera ya bluu imepanda. Nililia, na wengine walilia, hata karani. Norbert alisimama jukwaani na koti lake, na nasema kwa ukweli lilikuwa limetakata. Alisahau kutoa kalamu mfukoni, ikavuja. Nilijisikia vizuri kidogo. Pétronille alinipa karanga za kuchemsha tukazila tumesimama. Kesho wazee wangu wanafika alfajiri kutoka Lubarika. Nina furaha. Sijui niandike nini zaidi.

Saa tatu usiku. Sikusoma. Nilifungua tu, ili nikifunge vizuri. Kikafunguka M.

"Minister"! Waziri! Wote wanasema sasa nchi inatafuta mawaziri, na hakuna anayejua neno linasema nini. Minister kwa Kilatini ni mtumishi, linatoka minus, pungufu, mdogo. Na kinyume chake ni magister, kutoka magis, zaidi. Magister ni mwalimu! Ndiyo maana sikupanda. Nimekuwa "zaidi" wakati wote, na cheo kinamtaka "pungufu". Norbert hajui. Pétronille atakuwa mke wa waziri!

Lazima nianze mara moja, na mahali pazuri pa kuanzia ni kesho, mbele ya wazee wa pande mbili. Nitakwenda peku, kwa unyenyekevu. Nitajipaka majivu kidogo, ya jikoni. Na nitanyoa kichwa chote. Kitabu hakisemi, lakini watumishi wa kale bila shaka walinyolewa. Wembe ninao hapa, upande mmoja nimeshamaliza.

Najua, najua. Kwetu mtu aliyefiwa hunyoa kichwa, hujipaka majivu, hutembea peku. Lakini mimi nitakuwa na kravati. Tofauti iko wazi.